Neno Moja Lililoleta Vita

Ninyi mlio darasani, mwombeni mwalimu wenu aandike maneno mawili ubaoni, kwa herufi kubwa, ili hata aliyekaa nyuma ayaone: ANAWEZA, na chini yake, AMEKUBALI. Yasomeni kwa sauti. Mkiisha, yaacheni hapo hapo, maana habari yetu ya leo imo ndani yake.

Twende Uhabeshi, nchi ambayo sasa huitwa Ethiopia. Mwezi wa Machi 1889 Mfalme Yohannes wa Nne aliuawa vitani, na Menelik, mtawala wa Shoa, akataka kushika kiti chake. Alihitaji bunduki na marafiki. Waitalia nao walikuwa wameshika bandari ya Massawa tangu 1885, wakatamani kuingia bara. Basi kila mmoja alikuwa na haja na mwenzake. Tarehe 2 Mei 1889, mahali paitwapo Wichale, Menelik alipatana na mjumbe wa Italia, Pietro Antonelli. Mkataba uliandikwa kwa Kiamhari na kwa Kiitalia, na kifungu cha 19 kilisema kwamba maandiko hayo mawili yanalingana kabisa na yana nguvu sawasawa.

Hayakulingana. Kifungu cha 17, kwa Kiamhari, kilisema kwamba Mfalme wa Wafalme anaweza kutumia msaada wa serikali ya Italia katika mambo yake na wafalme wa Ulaya. Kwa Kiitalia kilisema kwamba amekubali kuitumia. Tazameni ubaoni. Jirani yako akikuambia, "Unaweza kupita shambani kwangu ukienda kisimani," amekupa ruhusa tu. Ukitaka utapita, usipotaka utazunguka. Lakini ukitia sahihi karatasi isemayo, "Nimekubali kupita shambani kwake," siku utakayozunguka atakushtaki kwamba umevunja ahadi.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Italia ilizitangazia dola za Ulaya kwamba Uhabeshi sasa iko chini ya ulinzi wake. Menelik hakuwa na habari. Mwezi wa Desemba aliwaandikia barua Malkia Victoria wa Uingereza na Mfalme Wilhelm wa Ujerumani, kama mfalme anavyowaandikia wafalme wenzake. Mwaka 1890 majibu yakaja, na ndani yake akaona kwamba mambo yake sasa yanapitia kwa Italia. Fikirini uchungu wake: kujua kwamba umepoteza uhuru kwa kusoma barua ya mtu mwingine!

Je, Antonelli alifanya kusudi? Wenye elimu ya historia wamebishana sana. Mimi, nikikumbuka kwamba alikaa miaka mingi Shoa, naona vigumu kuamini kwamba alipitiwa. Hata hivyo, mwaka 1891 zamu yake ilifika. Menelik na mkewe Taytu, mama asiyeyumbishwa, walikikataa kifungu kile katakata. Antonelli akatia sahihi karatasi ya Kiamhari akidhani inakiacha kifungu mahali pake. Mwenzake alipoisoma vizuri, akakuta kwamba kimefutwa. Akaondoka kwa hasira. (Wanaocheka darasani, nawaruhusu.)

Mwaka 1893 Menelik aliuvunja mkataba wote. Italia ikachagua vita, na tarehe 1 Machi 1896, karibu na mji wa Adwa, jeshi lake likapigwa likavunjika. Maelfu ya watu walikufa siku moja, Waitalia, Wahabeshi, na askari wa Eritrea waliopigana upande wa Italia. Tarehe 26 Oktoba mwaka huo, mjini Addis Ababa, mkataba wa Wichale ulifutwa na Italia ikakubali kwamba Uhabeshi ni nchi huru.

Bunduki zilikuwa na kazi yake, sikatai. Lakini kabla ya bunduki, Menelik alikuwa na kitu cha kushika mkononi: karatasi iliyoandikwa kwa lugha yake mwenyewe. Aliweza kusema, "Haya ndiyo niliyokubali, someni."

Sasa turudi kwetu, miaka 5 nyuma ya Wichale. Mwezi wa Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters alipanda bara kutoka Saadani, akafika Msovero, katika nchi ya Usagara, kwa Mangungo. Maneno yalipitia kwa mkalimani. Hati iliandikwa kwa Kijerumani. Mangungo alisikia habari za urafiki. Hati ilisema kwamba ametoa nchi yake pamoja na haki zote. Tena kwa desturi za wengi wa bara, ardhi ilikuwa ya ukoo, ya waliokufa na ya watakaozaliwa. Hata mkalimani hodari angepata taabu kumweleza mtu wa namna hiyo kwamba ardhi huuzwa kwa alama ya kalamu. Tarehe 27 Februari 1885 serikali ya Ujerumani ilizipa hati za Peters ulinzi wake. Mangungo hakuwa na karatasi ya pili ya kuonyesha.

Kazi ya darasa ni hii. Kila mmoja aseme kwa lugha ya nyumbani kwao, "Anaweza kuja," kisha, "Amekubali kuja." Mwenzake wa kabila jingine ayafasiri kwa Kiswahili bila kutazama ubaoni. Mwalimu aandike kila alichosikia, hata makosa, msome pamoja.