Mtu wa Pili katika Ndege ya Voi

Asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931, ndege ndogo aina ya Gipsy Moth iliruka kutoka Voi, Kenya. Ilizunguka juu ya uwanja, ikaanguka na kuwaka moto. Rubani alikuwa Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza. Alizikwa katika vilima vya Ngong, na kaka yake akamjengea mnara. Karen Blixen akasimulia habari zake katika kitabu cha mwaka 1937. Mwaka 1985 ikatoka filamu.

Nilipotoka chuoni Gitega kwenda likizo Muyinga, nilimsimulia bibi yangu.

"Alikuwa peke yake?" akauliza.

"Hapana, bibi. Alikufa pamoja na mtumishi wake Mkikuyu."

"Na huyo, mnara wake uko wapi?"

Sikuwa na jibu.

Bibi husema babu yake alibeba mizigo ya Wajerumani walipoanzisha Gitega mwaka 1912. Mji una tarehe yake. Wapagazi hawana majina. Tangu siku hiyo, nikisoma habari za ajali au safari, nahesabu kwanza watu, kisha majina. Pengo lililopo kati ya hesabu hizo mbili ndiyo kazi yetu.