Hewa ya ukaa chini ya bahari: Nani anakagua, nani analipa?

Tangu 1996, Norway inasukuma hewa ya ukaa kwenye miamba iliyo chini ya Bahari ya Kaskazini, eneo la Sleipner. Je, ikivuja? Kanuni za Umoja wa Ulaya za 2009, ambazo Norway nayo inazifuata, zinasema hivi:

Ukaguzi wa kawaida: Angalau mara moja kwa mwaka. Kufunga eneo hakumalizi kazi. Ukaguzi huo unaendelea miaka 3 zaidi, kisha kila baada ya miaka 5 hadi serikali ikabidhiwe.

Nje ya ratiba: Wakaguzi wanakuja pia kukiwa na taarifa ya kuvuja, masharti ya kibali kutofuatwa, au malalamiko mazito kuhusu afya na mazingira.

Ripoti: Iwekwe wazi kwa umma ndani ya miezi 2.

Ikivuja: Kampuni itoe taarifa papo hapo na kurekebisha. Ikizembea, mamlaka inafanya yenyewe halafu inaidai gharama. Kibali nacho kinaweza kufutwa.

Kukabidhi: Kwa kawaida si chini ya miaka 20 baada ya kufunga, na lazima ithibitike kwamba hewa imetulia. Kampuni inaacha pesa za kutosha ufuatiliaji wa angalau miaka 30.

Baada ya hapo mzigo ni wa serikali, yaani wa mlipakodi. Ila ikibainika kampuni ilificha taarifa au ilizembea, bado itadaiwa.