Kitenzi "choma" katika Historia ya Bonde la Ufa
Kamusi ya Frederick Johnson (1939) inakipa kitenzi choma maana mbili kuu: kutoboa kwa ncha na kuunguza kwa moto. Mshikaki huzikutanisha. Katika matumizi ya Nakuru, yambwa ndiyo huamua maana: nyama huchomwa jikoni, makaa huchomwa msituni. Molo mnamo 1992, Njoro mnamo 1998 na Naivasha mnamo 2008, yambwa ilikuwa nyumba. Hapo umbo linalofaa ushuhuda ni kuchomewa: "tulichomewa". Unyambuaji huu humtanguliza aliyedhurika, lakini pia huruhusu mtendaji asitajwe. Tume za Akiwumi na Waki zilitafuta majina ambayo sarufi ilikubali yaachwe. Historia ya kitenzi hiki, basi, haikamiliki pasipo swali la kauli tendi: nani alichoma?