Mcheza Ugenini

Nyumbani kwetu Magomeni kuna picha moja iliyozua maneno miaka nenda miaka rudi. Ni picha ya mdogo wake babu, aliyekuwa baharia, akaishi London mwanzoni mwa miaka ya 1960. Amevaa koti refu, mkononi ana glasi, kinywa wazi kwa kicheko. Nyuma yake watu weusi wamebanana wanacheza dansi. Bibi kila akiiona alikuwa anasonya: "Sisi huku tunasubiri hela ya bati, mwenzenu yuko Ulaya anakula raha!"

Nami nilikua nikiamini hivyo hivyo. Si wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa? Sasa huyu anacheza kwa watu, atunzwe na nani? Lakini nilipoanza kusoma habari za watu weusi wa London, niligundua kwamba ile picha tulikuwa hatujaisoma vizuri.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 22 Juni 1948, meli iitwayo Empire Windrush ilishusha abiria katika bandari ya Tilbury. Mamia kati yao walitoka visiwa vya Karibi, hasa Jamaika. Vita Kuu ya Pili imekwisha, Uingereza inataka wafanyakazi, na wao ni raia wa himaya ile ile. Mmoja wao alikuwa mwimbaji wa kalipso, Aldwyn Roberts, aliyejulikana kama Lord Kitchener. Papo hapo bandarini aliimba mbele ya kamera wimbo wa kuisifu London.

London yenyewe haikuwa na nyimbo. Ukienda kutafuta chumba, mwenye nyumba akikuona rangi anasema kimeshachukuliwa. Baa nyingine zilikataa kuwauzia watu weusi, na kumbi nyingine za dansi ziliwazuia mlangoni. Hapakuwa na pa kushtaki, maana sheria ya kwanza ya kukataza ubaguzi wa namna hiyo ilipitishwa mwaka 1965.

Sasa jiweke wewe hapo. Umepiga kazi wiki nzima, Jumamosi imefika, baridi inakata masikio. Uende wapi?

Wale jamaa walifungua vyumba vyao wenyewe. Chumba cha chini ya nyumba kinatolewa vitanda, inaletwa gramafoni na spika kubwa, jikoni kuna wali na mchuzi wa mbuzi. Unalipa kiingilio kidogo mlangoni, unacheza mpaka alfajiri. Na humo humo unapata habari: nyumba ipi inapangisha weusi, kiwanda kipi kinaajiri. Wajamaika walikuwa na mchezo wao wa kuchangiana fedha kwa zamu, ambao sisi tungeuita upatu bila kufikiri mara mbili. Kuna watu walionunua nyumba kwa upatu huo, baada ya kunyimwa mikopo.

Mwishoni mwa Agosti 1958 mambo yakaharibika. Katika mtaa wa Notting Hill, magenge ya vijana wa kizungu yalivamia watu weusi na nyumba zao usiku baada ya usiku, hadi mwanzoni mwa Septemba.

Hapo ndipo anapoingia mama mmoja, Claudia Jones. Alizaliwa Trinidad mwaka 1915, akakulia New York. Marekani walimfunga kwa ukomunisti wake, kisha mwaka 1955 wakamfukuza nchini. Akaja London, na mwaka 1958 akaanzisha gazeti, West Indian Gazette. Baada ya zile fujo, unajua alifanya nini? Aliandaa kanivali! Tarehe 30 Januari 1959, ndani ya ukumbi wa St Pancras, kwa sababu nje palikuwa na baridi. BBC wakaionyesha kwenye televisheni. Sehemu ya mapato ilitengwa kuwalipia faini vijana, weusi kwa weupe, walioshtakiwa kwa fujo za Notting Hill.

Pengine unaguna: watu wanavunjiwa madirisha, yeye analeta ngoma? Lakini kwa Mtrinidad ile haikuwa lelemama. Kule kwao watumwa walipopata uhuru kamili mwaka 1838, waliichukua kanivali ya mabwana wakaifanya yao. Katika miaka ya 1880 serikali ya kikoloni ikabana ngoma zao, wakapiga mianzi. Baadaye wakapiga makopo na mapipa, mpaka pipa la mafuta likawa ala ya muziki. Watu wa namna hiyo hawachezi kwa sababu wamesahau shida.

Na shida hazikuisha. Tarehe 17 Mei 1959 seremala kutoka Antigua, Kelso Cochrane, alichomwa kisu njiani, papo hapo Notting Hill. Hakuna aliyetiwa hatiani. Zaidi ya watu elfu moja walimsindikiza kaburini. Claudia aliendelea na kanivali zake, mpaka alipofariki Desemba 1964. Amezikwa Highgate, kando ya Karl Marx.

Mwaka 1966 mama mwingine, Rhaune Laslett, aliandaa sherehe ya watoto na majirani wa Notting Hill. Alimwalika Russell Henderson na wenzake, wapigaji wa yale mapipa. Katikati ya sherehe wakaanza kutembea huku wanapiga, na watu wakawafuata mtaa hadi mtaa. Ni mitaa ile ile ambayo miaka minane nyuma mtu mweusi aliogopa kuipita usiku. Siku hizi, kila mwisho wa Agosti, hujaa watu wa kila rangi.

Babu yule alirudi, akazeeka hapa hapa Magomeni. Siku moja nilimwonyesha picha, nikamuuliza pale ilikuwa raha gani. Aliitazama kwa muda, akasema: "Kazini waliniita John wiki nzima. Mle ndani waliniita jina langu."

Kwamba hakutuma hela ya bati ni kweli, na hapo simtetei. Lakini ile picha nimeitoa kabatini, nimeitundika sebuleni. Bibi alinyamaza, hakuishusha.