Hosta ndogo zenye majani ya mabaka

Hosta ni jenasi ya mimea ya kudumu ya familia Asparagaceae, yenye asili ya Japani, Korea, Uchina na Mashariki ya Mbali ya Urusi. Jina hilo linamkumbuka Nicholas Thomas Host, mtaalamu wa mimea wa Austria. Hupandwa kwa ajili ya majani yake. Maua, meupe au ya zambarau, ni nyongeza tu.

Aina ndogo zenye majani ya rangi mbili, kama ‘Pandora’s Box’, hufikia kimo cha sentimita 10 hivi. Sehemu nyeupe ya jani haina klorofili, hivyo haijitengenezei chakula. Kadiri weupe unavyozidi, ndivyo mmea unavyokua polepole na kuungua upesi juani. Jua la asubuhi huufaa. Kivuli kizito mno huudumaza. Mara nyingine huchipuka majani ya kijani kitupu. Machipukizi hayo yang’olewe mapema pamoja na mizizi yake, la sivyo, kwa kuwa yana nguvu zaidi, yataumeza mmea mzima.

Udongo uwe na mboji na usituamishe maji. Mizizi ya miti mikubwa huzinyima hosta ndogo maji, ndiyo maana wengi huziotesha katika vyungu. Koa na konokono ndio maadui wakuu. Mmea huzalishwa kwa kugawa shina, kwani mbegu kwa kawaida hazitoi miche yenye mabaka yaleyale. Majani hufa majira ya baridi, na pasipo baridi hiyo hosta hudhoofika mwaka hadi mwaka.