Mitaa ya Kiini cha Seli

Mwaka 1888, Heinrich Waldeyer, mwanaanatomia wa Berlin, alipotaka kuvipa jina vijiti vile vinavyojitokeza ndani ya kiini cha seli inapokaribia kugawanyika, alichukua maneno mawili ya Kiyunani, rangi na mwili, akayaunga yakawa kromosomu. Jina zuri, ila lina udanganyifu kidogo, kwani mwili huo hauna rangi hata chembe, na rangi ionekanayo ni ya yule aliyeitia. Wanazuoni wa Ujerumani wa zama zile walikuwa wameazima rangi za anilini, zitokanazo na lami ya makaa ya mawe, ambazo viwanda vilizitengeneza kwa ajili ya vitambaa wala si kwa ajili ya elimu, wakazidondoshea juu ya vipande vyembamba vya miili ya wanyama. Na Walther Flemming wa Kiel, aliyependelea viluwiluwi vya salamanda kwa kuwa seli zao ni kubwa, akaona kwamba ndani ya kiini mna kitu kinachoinywa rangi ile kwa pupa kupita vyote vilivyokizunguka.

Tatizo likawa ni hili: vijiti vile huonekana kwa muda mfupi tu, seli inapogawanyika, kisha hutoweka, na kiini hubaki mfano wa wingu lisilo na umbo. Huenda wapi? Carl Rabl alikwisha kusema mwaka 1885 kwamba haviendi popote, bali hulegea tu na kubaki vimeelekea upande uleule vilioelekea hapo kwanza. Ama Rudolf Fick, mwanaanatomia mwingine, alivifananisha na vikosi vya askari ambao hupanga safu wakati wa zoezi, na likiisha hutawanyika. Wala Fick hakuwa mpumbavu, kwani kitu kisichoonekana, insafu haikubali kukitolea ushahidi kwa kukitamani tu.

Aliyeleta burhani ni Theodor Boveri wa Würzburg, na shahidi wake alikuwa mnyoo anayeishi katika matumbo ya farasi. Seli za mwanadamu zina kromosomu 46, idadi ambayo haikujulikana kwa usahihi hadi mwaka 1956. Lakini yai la mnyoo huyu, likisha kurutubishwa, lina 4 tu, au 2 katika aina nyingine, nazo ni ndefu na nene hata mtu aweza kuzifuata moja moja kwa jicho lililo juu ya hadubini. Boveri aliona kwamba kiini kinapojifunga tena baada ya seli kugawanyika, ncha za kromosomu hizo huusukuma ukuta wake kwa nje, mithili ya vidole vinavyosukuma kitambaa, zikaacha vinundu. Kisha kromosomu zenyewe hutoweka, lakini vinundu husalia, na muda wa kugawanyika tena ukiwadia, ncha hujitokeza mlemle vinunduni. Zaidi ya hayo, viini viwili vilivyozaliwa na seli moja vilifanana kwa mpango wa vinundu vyao, ilhali vya mama mbalimbali vilikhitilafiana. Mwaka 1909 akaandika kwamba kila kromosomu ina eneo lake ndani ya kiini, haliachi hata inapokuwa haionekani.

Boveri alifariki mwaka 1915, na dhana yake ikaishi miongo michache tu baada yake katika vinywa vya watu. Kilichoizika ni chombo chenye nguvu zaidi. Hadubini ya elektroni ilipoelekezwa kwenye kiini katika miaka ya 1950 na 1960, watazamaji waliona nyuzi zilizosambaa kila upande, pasi na mpaka wowote, wakahukumu kwamba hakuna mtaa wala kiambo. Wasilolitia maanani ni kwamba chombo kile huhitaji kipande chembamba mno, chenye unene wa sehemu moja ya elfu kumi ya milimita au pungufu. Na kumpa mtu ukili mmoja wa mkeka, kisha kumwuliza nakshi ya mkeka mzima, si kumtendea haki.

Katika miaka ya 1970, huko Freiburg, ndugu wawili, Thomas Cremer aliyekuwa tabibu na Christoph Cremer aliyekuwa mwanafizikia, walilirudia swali lile kwa kuchoma. Kamba 22 za usumba zikiwa zimechanganyika katika lundo moja, mtu akitoboa kwa sindano ya moto mahali pamoja ataziunguza nyingi, kila moja kidogo. Lakini iwapo kila kamba imezongwa peke yake, ataunguza moja, mbili au tatu, na zilizobaki zitasalimika. Seli za hamsta wa Uchina zina kromosomu 22. Basi walielekeza juu ya kiini mwale mwembamba wa leza ya urujuanimno, wakangoja seli igawanyike na vijiti vionekane, wakatazama ni vipi vyenye majeraha. Vilikuwa vichache tu. Yaani uzi wa DNA, ambao katika seli moja ya mwanadamu ukinyoshwa wote hupata kama mita 2, na ambao umo katika kiini chenye upana wa takriban sehemu moja ya mia ya milimita, haukusokotwa ovyo.

Ushahidi wa macho ulifuata baadaye. Mwaka 1988 watafiti wa pande mbili za Atlantiki waliweza kuitia rangi kromosomu moja nzima na kuziacha nyingine, na kila mmoja akaona doa lenye mpaka, si utando uliotapakaa. Na mwaka 1999, huko Edinburgh, ikadhihirika kwamba kromosomu ya 18 na ya 19 za mwanadamu, ambazo kwa ukubwa hazitofautiani sana, hazikai pamoja: ya 19, iliyojaa jeni, hukaa katikati, na ya 18, iliyo maskini wa jeni, hukaa pembezoni karibu na ukuta.

Kanuni hiyo nayo ina wanaoivunja. Mwaka 2009 kundi la watafiti wa München, miongoni mwao Irina Solovei pamoja na Thomas Cremer yuleyule, lilieleza kwamba katika macho ya wanyama watembeao usiku, kwenye zile seli zipokeazo mwanga hafifu, kiini kimepinduliwa: sehemu nzito zisizo na kazi nyingi zimekusanyika katikati, na zenye jeni zitendazo kazi zimesukumwa ukingoni, hata kiini chote kikawa kama lenzi ndogo inayoupitisha mwanga bila kuutawanya. Mtoto wa panya huzaliwa na mpango wa kawaida, kama wetu. Ni katika wiki zinazofuata, polepole, ambapo kiini chake hujigeuza ndani nje, akijiandaa kwa giza.