Mtu wa Nafasi Zote

Baada ya kustaafu nilikwenda Houston kumtembelea mwanangu, naye akanikalisha mbele ya televisheni nitazame kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye ncha mbili. Kama mgeni yeyote, niliufuata mpira kwa macho. Akaniambia, "Baba, achana na mpira. Watazame wale watano wa mbele." Ndipo aliponisimulia habari za Bruce Matthews.

Watano hao hujipanga mstari mmoja kumkinga mrushaji. Kufunga si kazi yao, na mpira hawaushiki, isipokuwa yule wa kati anayeuanzisha kwa kuupitisha nyuma katikati ya miguu yake. Walio ubavuni mwake huwafungulia njia wakimbiaji. Wa pembeni hupambana na watu wepesi wanaozunguka kutoka nje. Yule wa kushoto kabisa hulinda mgongo wa mrushaji atumiaye mkono wa kulia, asiyeona kinachomjia. Kila nafasi ina hatua zake za miguu. Kumhamisha mtu kutoka kulia kwenda kushoto ni sawa na kumwambia mwalimu aandike ubaoni kwa mkono mwingine, na darasa likimtazama!

Matthews aliingia Houston Oilers mwaka 1983. Miaka minne ya kwanza alihamishwa huku na huko: ubavu wa kulia, katikati, pembeni kulia, pembeni kushoto. Mwaka 1991 akarudishwa katikati, na tangu 1995 akashika ubavu wa kushoto, hata klabu ilipohamia Tennessee mwaka 1997. Alicheza misimu 19, michezo 296, wala hakukosa hata mmoja kwa kuumia. Fainali pekee aliyofika, Januari 2000, walishindwa 23 kwa 16, mwenzake akiangushwa yadi moja tu kabla ya mstari. Hata hivyo alichaguliwa mara 14 kwenye mchezo wa nyota, na mwaka 2007 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo huko Canton, Ohio.

Mwanangu aliendelea kusimulia. Mimi nilikuwa nimekwisha rudi nyumbani kwa mawazo. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu nilikuwa na mkufunzi wa namna hiyo. Hisabati ikikosa mtu, yeye. Jiografia, yeye. Mwenzake akiugua katikati ya muhula, yeye, bila kunung'unika. Fomu za kupandishwa vyeo zilipoletwa zilikuwa na nafasi moja ya kujaza somo la utaalamu. Mara tatu niliandika majina ya wengine, nikijiambia kwamba huyu hana somo lake hasa. Aliyempokonya somo hilo nilikuwa mimi, kwa ratiba zangu mwenyewe. Alistaafu na cheo kile kile.

Niliporudi kutoka Houston nilimwandikia barua kukiri hayo. Alijibu kwa mwandiko wake ule mzuri, akanisalimu, akauliza hali ya watoto na wajukuu. Kuhusu jambo lile hakuandika neno.